Fizi Zinatoka Damu: Je, Nisukutue kwa Mwarobaini Niache Dawa ya Hospitali?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tanga. Tangu mwaka jana nikipiga mswaki fizi zinatoka damu, hasa upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini. Katika duka la dawa nilipewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Damu ilipungua, lakini nimeitumia kwa miezi miwili sasa, meno yamekuwa ya kahawia na chai haina ladha mdomoni. Shangazi yangu ananiambia niachane nayo, nichemshe majani ya mwarobaini na karafuu, kwa sababu wazee wetu walitumia miti na meno yao yalikuwa imara. Sokoni pia nimeona chupa ya dawa ya miti shamba ambayo muuzaji anasema inayeyusha ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno. Je, dawa hizi za asili zinaweza kuchukua nafasi ya ile ya hospitali? Na je, nimpe pia mama yangu, ambaye ana kisukari na presha, na meno yake mawili yameanza kucheza?

JIBU: Dada yangu, nianze na lile linalokusumbua kila ukijitazama kwenye kioo. Rangi ya kahawia uliyoipata si kuoza kwa meno. Klorheksidini hunata juu ya jino na juu ya ngozi laini ya mdomo, na pale iliponata hukutana na rangi zilizomo katika chai, kahawa na vyakula vingine, ndipo madoa hayo yanapotokea. Yako juu ya jino, hayajaingia ndani, na daktari wa meno anaweza kuyang'arisha yakatoka. Ladha nayo hurudi yenyewe ukishaacha kuitumia. Dawa hii kwa kawaida hutolewa kwa wiki mbili hivi na kwa sababu maalumu, kwa mfano baada ya upasuaji wa fizi ambapo mgonjwa hawezi kupitisha mswaki kwenye kidonda. Miezi miwili bila mtu yeyote kukutazama mdomoni ni mirefu mno. Basi iache leo, na usijilaumu, maana aliyekuuzia alipaswa kukuambia kikomo chake.

Kama mwarobaini na karafuu vinaweza kushika nafasi yake ni swali linalohitaji kwanza tuelewane juu ya kile kinachotoa damu. Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, mate huweka juu ya jino utando mwembamba wa protini usioonekana kwa macho. Ndani ya saa chache bakteria hunata juu ya utando huo, huzaana, na hujijengea ute unaowafunika na kuwashikamanisha pamoja. Huo ndio ukoga, ule uchafu mweupe wenye unjano ambao hujikusanya chini ya ukucha ukikwangua jino jioni karibu na ufizi. Ufizi unaoguswa na ukoga siku baada ya siku huvimba, hubadilika kutoka rangi yake ya kawaida na kuwa mwekundu, na mishipa yake midogo ya damu hupasuka kwa kuguswa kidogo tu. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmark, mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba, na waliporudia kusafisha, fizi zao zilipona ndani ya takriban wiki moja. Naurudia utafiti huu mara nyingi kwa wagonjwa wangu, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo tangazo la dawa halitakuonyesha: kilichowaponya watu wale ni kuondolewa kwa ukoga.

Ukoga usipoondolewa hunyonya madini ya mate, huanza kuwa mgumu ndani ya siku chache, na hatimaye huwa ugaga, ambao mswaki hauwezi tena kuutoa. Umesema damu inatoka hasa upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, na maelezo hayo yamenisaidia sana, kwa sababu hapo chini ya ulimi ndipo zilipo tundu za tezi kubwa za mate. Mate yenye madini mengi humwagika moja kwa moja nyuma ya meno hayo, na kwa hiyo hapo ndipo ugaga huota mapema na kwa wingi kuliko mahali pengine popote mdomoni. Pitisha ncha ya ulimi wako pale. Ukihisi ukingo unaokwaruza kama ganda la chaza, huo ni ugaga, na hakuna maji yoyote ya kusukutua, ya hospitali au ya miti, yatakayoutoa.

Nikueleze jambo moja nililolifanya na mgonjwa, kwa kuwa lilimwelewesha kuliko maneno yangu yote. Alikuja na maji yake ya mwarobaini ndani ya chupa, akiwa na hakika kwamba yanamsafisha. Nilimpa kidonge cha kutafuna ambacho hupaka ukoga rangi nyekundu, nikamkabidhi kioo, akaona mstari mwekundu uliozunguka kila jino pale linapokutana na ufizi. Nikamwomba asukutue kwa maji yake kwa dakika nzima, kwa nguvu, bila kuharakisha. Alipotema, maji yalikuwa na uwaridi kidogo, lakini mstari ulikuwa pale pale. Kisha nikampa mswaki laini, nikamshika mkono, tukaegemeza nywele za mswaki kwenye ukingo wa ufizi na kuzitikisa polepole kwa hesabu ya kumi. Alipotazama tena, jino lile moja lilikuwa jeupe na jirani yake bado mwekundu. Ningempa klorheksidini badala ya mwarobaini, matokeo ya kusukutua yangekuwa yale yale, kwa sababu dawa hiyo huzuia ukoga mpya usijengeke lakini haibandui ukoga ambao umekwisha kunata.

Hapa ndipo ninapotaka kumtendea haki shangazi yako. Ni kweli kwamba wazee wetu walitumia miti, lakini kumbuka walivyoitumia. Walikata kijiti cha mswaki au cha mwarobaini, wakakitafuna ncha mpaka nyuzi zikaachana, wakasugua jino moja moja wakiwa wameketi barazani, pengine kwa robo saa. Mpaka leo chombo chetu cha kusafishia meno na mti wa mswaki vinaitwa kwa jina moja. Mti wa mswaki una kemikali zinazodhoofisha bakteria, na mojawapo, ambayo ni ya jamii ya zile zinazoipa haradali ukali wake, imeonekana maabara kuwaua baadhi ya bakteria wanaohusika na ugonjwa wa fizi. Hata hivyo kazi kubwa ilifanywa na zile nyuzi na ule mkono. Tukichukua majani, tukayachemsha, tukasukutua nusu dakika na kutema, tumebeba nusu ndogo ya ujuzi wa wazee na kuiacha nusu kubwa. Shangazi akikuletea kijiti kibichi cha mswaki kilichooshwa vizuri, kitumie kwa furaha, ila kifikishe pia upande wa ndani wa meno, mahali ambapo watumiaji wengi wa vijiti hupasahau, na usikisugue kwa kwenda na kurudi juu ya ufizi kwa nguvu, kwani ufizi hurudi nyuma na mzizi wa jino ukabaki wazi.

Sasa tuzipime dawa zenyewe. Nguvu ya klorheksidini haitokani tu na kuua bakteria. Mimea mingi huwaua bakteria katika sahani ya maabara. Nguvu ya klorheksidini inatokana na tabia yake ya kung'ang'ania mdomoni na kuachia dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, hata kufikia 12, ilhali maji ya majani husafishwa na mate muda mfupi baada ya kutemwa. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 51, yalithibitisha kwamba klorheksidini ikiongezwa juu ya kupiga mswaki hupunguza ukoga kwa kiasi kikubwa, ingawa faida yake kwa uvimbe mdogo wa fizi ilikuwa ndogo kuliko wengi tunavyodhani, na kuitumia kwa wiki nne au zaidi kulileta madoa kwenye meno.

Tafiti za dawa za mimea ni nyingi pia, hasa kutoka India na Iran, na baadhi zinasema mwarobaini, manjano au chai ya kijani vilikaribia klorheksidini katika kupunguza ukoga na damu. Sizidharau, lakini nazisoma kwa uangalifu. Nyingi zilidumu wiki mbili hadi nne, zilikuwa na watu wachache, na washiriki kwa kawaida waliendelea kupiga mswaki. Kubwa zaidi ni kwamba kilichopimwa mara nyingi kilikuwa kiini cha mmea kilichotolewa kwa njia ya kitaalamu na kwa kipimo kinachojulikana, wala hakikuwa maji yaliyochemshwa jikoni. Manjano ni mfano mzuri: kurkumini, ile kemikali ya njano inayotuliza uvimbe, haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo anayechemsha bizari jikoni na kusukutua anapata rangi nyingi na dawa kidogo.

Mwarobaini ni mti ninaouheshimu, na uchungu wake unatoka katika kemikali zenye uwezo halisi dhidi ya bakteria. Mtu mzima mwenye afya akichemsha majani machache yaliyooshwa, akayapoza, akayachuja, akasukutua na kutema, sioni madhara, mradi hayamezwi. Mjamzito asiutumie. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yasiingie kabisa mdomoni mwa mtoto, kwani watoto wachanga waliopewa kunywa waliwahi kupata degedege na kuharibika ubongo. Maji hayo yatengenezwe ya siku hiyo tu na yanayobaki yamwagwe jioni, kwa sababu hayana kitu cha kuyahifadhi, na nimeona wagonjwa wanaosukutua kwa maji ya siku nne yaliyokwisha kuchacha, wakiwaongeza vijidudu mdomoni badala ya kuwapunguza.

Karafuu ninaizungumzia kwa upole, maana sisi madaktari wa meno tunaitumia pia: mafuta yake, yenye kemikali iitwayo yujenoli, huchanganywa na unga wa oksidi ya zinki kufanya dawa ya kuziba jino kwa muda. Yujenoli hutia ganzi. Hiyo ndiyo neema yake na ndiyo hatari yake, kwa sababu maumivu yakitulia mtu huahirisha kwenda hospitali wakati ugonjwa unaendelea kuchimba. Punje mbili tatu za karafuu ndani ya maji yaliyochemka hazina neno. Mafuta halisi ya karafuu yasiyochanganywa, yakipakwa juu ya ufizi, huuunguza. Ngozi yake hubadilika na kuwa nyeupe, kisha hubanduka na kuacha kidonda. Nimewatibu watu waliokuja na kidonda cha namna hiyo kikubwa kuliko tatizo walilolianzia.

Ukiniuliza mimi ningechagua nini katika vitu vya nyumbani, ningekuelekeza kwenye viwili visivyo na sifa kubwa mitaani. Cha kwanza ni chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, ambayo haiui bakteria kwa ukali lakini hutuliza ufizi uliovimba na ni salama kwa siku hizo chache ambazo fizi zinauma. Cha pili ni chai ya kijani isiyo na sukari, inayotokana na mchai ule ule unaolimwa kwenu huko milima ya Usambara, ila majani yake hayajaachwa yageuke meusi. Kemikali zake ziitwazo katekini huyeyuka katika maji ya moto, jambo linalofanya kikombe cha nyumbani kifanane zaidi na kile kilichopimwa katika tafiti. Inaweza kuacha rangi kidogo kwenye meno, lakini si kama ile uliyoipata. Na kama unataka dawa ya dukani yenye asili ya mimea kwa matumizi ya muda mrefu, ile yenye ushahidi wa miezi sita na zaidi ni ya mafuta ya mimea kama timoli, mentoli na eukaliptoli. Nyingi za aina hiyo zina kileo, ambacho huunguza mdomo mkavu na ambacho watu wengi kwa imani yao hawakitaki, kwa hiyo soma chupa na utafute isiyo na kileo.

Kuhusu ile chupa ya sokoni, naomba unisikilize vizuri. Ugaga umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti, na ganda la nje la jino lako, yaani enameli, limejengwa kwa madini ya jamii hiyo hiyo. Kinachoweza kuyeyusha ugaga ni asidi, na asidi haina macho ya kubagua. Enameli huanza kupoteza madini yake pale pH ya mdomoni, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya limau yana pH inayokaribia 2. Kwa hiyo ama muuzaji anasema uongo, ama anasema kweli na dawa yake inakula jino pamoja na ugaga. Kwa sababu hiyo hiyo usisukutue kwa limau wala siki, na usisugue meno kwa mkaa au jivu, ambavyo huyafanya meno yaonekane meupe kwa kuyakwangua. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na dawa ya asili inayouzwa kwa umma inapaswa kusajiliwa. Chupa isiyo na namba ya usajili, isiyotaja kilichomo wala tarehe ya mwisho wa matumizi, usiiweke mdomoni.

Tiba yako, dada yangu, ni kuondolewa ugaga kwa vyombo vya daktari wa meno, kisha kusafisha kila siku ili usirudi. Kazi hiyo haiondoi enameli na hailegezi meno. Hofu hiyo ninaisikia kila wiki. Anayehisi meno yamelegea baada ya kusafishwa kwa kawaida alikuwa na meno yaliyokwisha kulegea, ila ugaga ulikuwa umeyafunga pamoja kama saruji. Nyumbani tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Lalisha mswaki kwa mshazari, nusu juu ya jino na nusu juu ya ukingo wa ufizi, utikise mwendo mfupi, na kwa meno yale ya mbele ya chini mswaki uusimamishe wima ili ncha yake ifike upande wa ndani. Mara moja kwa siku, usiku, pitisha uzi wa meno au kibrashi chembamba katikati ya meno, kwani huko mswaki haufiki. Unapoona damu usipakwepe mahali hapo. Najua inatisha, na karibu kila mgonjwa hufanya kinyume, akaacha kusugua panapotoka damu, ukoga ukazidi na damu ikazidi. Ugaga ukishatoka, safisha hapo kwa upole lakini kila siku, na ndani ya wiki moja hadi mbili utaona tofauti. Damu ikiendelea baada ya hapo, au ikitoka yenyewe bila kuguswa, au ukiona usaha, au mwili unapata michubuko bila sababu, rudi hospitali upimwe damu, kwa maana si kila fizi inayotoka damu inaugua kwa sababu ya ukoga. Kama una mimba, mwambie daktari, kwa kuwa homoni za ujauzito huzidisha uvimbe wa fizi.

Mama yako ana tatizo jingine kabisa, na naomba usimchanganye na lako. Jino linalocheza kwa mtu mzima maana yake mara nyingi ni kwamba mfupa unaolishika umeliwa. Kati ya jino na ufizi wake kumeshafunguka mfuko ambao ndani yake bakteria wamejificha, na maji ya kusukutua hayafiki chini ya mfuko huo, yawe ya mwarobaini au ya klorheksidini. Kisukari na ugonjwa huu huchocheana: sukari iliyopanda huzidisha uharibifu wa fizi, na fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Habari njema ni kwamba kutibiwa fizi hupunguza kidogo ule wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwa hiyo matibabu yake ya meno ni sehemu ya matibabu yake ya kisukari. Usimpe mwarobaini wa kunywa. Unaweza kushusha sukari, na ukikutana na dawa zake anaweza kuishiwa sukari mwilini usiku wakati kila mtu amelala. Tazama pia dawa zake za presha: nifedipini, na mara nyingine amlodipini, huweza kuzivimbisha fizi zikapanda juu ya meno. Kama anatumia mojawapo asiiache kwa uamuzi wake, bali daktari wa meno na daktari wake wa presha wawasiliane.

Mpeleke mama katika hospitali ya mkoa yenye kitengo cha kinywa na meno, nawe uonwe siku hiyo hiyo. Nendeni asubuhi, mama akiwa amekula na kumeza dawa zake kama kawaida, kwa sababu mgonjwa wa kisukari akiwekwa kwenye kiti cha meno na tumbo tupu anaweza kuzimia. Bebeni pakiti za dawa zake zote na kadi yake ya kliniki, na wewe beba ile chupa ya klorheksidini, ili anayewaona asome mwenyewe kipimo chake na ajue umeitumia kwa muda gani.